Debe Moja na Ushei

Mchungaji Sogoda alitangaza Jumapili:
mwezi ujao tutaoka mkate wa watu wa kale,
kwa vipimo vyao vilevile, pasipo kupunguza.
Mimi ninafundisha hesabu hapa Mvumi, darasa la sita,
kwa hiyo kazi ya kugeuza ikaniangukia.

Nikakaa na penseli, taa ikiwa inapepesa.
Efa: lita ishirini na mbili.
Yaani debe, hili letu la mafuta ya kula,
na lita mbili za kusindikizia.
Omeri ni fungu la kumi la efa:
vikombe tisa, kasoro funda.
Logi, nikashangaa, ni chupa ya soda.
Hini ni logi kumi na mbili,
basi kreti moja ni hini mbili,
nikacheka peke yangu kama mtu aliyeokota hela.
Homeri, madebe kumi na moja:
magunia mawili yapungue debe,
ikiwa aliyefunga hakufunga lumbesa.

Mama alikuwa pembeni anabangua karanga.
"Yule mwanamke wa chachu," akasema,
"wa sea tatu. Sea tatu ni ngapi?"
Nikapiga hesabu. Efa moja.
"Debe na ushei? La unga? Mtu mmoja?"
Akaacha kubangua.
"Basi huyo hakuwa anapika chai ya asubuhi.
Kwake palikuwa na watu. Muulize Mchungaji
kama ilikuwa harusi au msiba."

Miaka arobaini nimelisikia somo hilo
nikimwona mwanamke mdogo na bakuli dogo.
Sasa nikamwona amekunja mikono hadi mabegani,
jasho linadondokea ungani,
kama Mama siku ya matanga ya mjomba Chidawali,
na mwiko mrefu kama mpini wa jembe,
akisonga ugali wa uwele huku analia,
halafu halii tena kwa sababu sufuria inaungua.

"Na omeri ni ya nini?"
Ya mtu mmoja, nikasema. Kwa siku. Kule jangwani.
Akanyanyua kikombe chake cha bati,
kile cha maua mekundu, ukingo umebanduka rangi,
akakitazama ndani kama anayetafuta mdudu.
"Mwaka ule mvua ilipotukimbia
hiki kilikuwa chetu sote, watu saba, mchana na usiku.
Vikombe tisa kwa mtu!
Jangwa lao lilikuwa na shibe kuliko Ugogo."

Ikabidi nimwambie na lile la aibu:
kwamba wataalamu hawapatani.
Huyu anasema efa ni lita ishirini na mbili,
yule anafika thelathini na sita,
na wote wawili wamesoma.
Hakushtuka.
"Uliona wapi debe lisilo na ubishi?
Nenda Kibaigwa wakati wa mavuno.
Mnunuzi ana lake, limetanuliwa tumbo.
Muuzaji ana lake, kitako kimebonyezwa ndani.
Na kila mmoja anamtaja Mungu."

Jumamosi nilibandika karatasi ukutani, jikoni kwa kanisa:
efa, vikombe themanini na nane.
Mama akachota kwa kikombe chake, akihesabu kwa sauti.
Alipofika thelathini na moja
Mama Nyemo akaingia na habari za mkwe wake,
wakasalimiana mpaka kwa mbuzi,
na hesabu ikapotea.
Akauangalia unga. Akaongeza konzi.
Akauangalia tena, akaongeza nyingine,
nami mwalimu nikafyata ulimi.

Donge liliumuka likasukuma kifuniko.
Watu walikula, watoto wa kwaya walirudia,
mlinzi Chibago akafungiwa wake kwenye gazeti.
Karatasi yangu ilirukiwa na mafuta
pale nilipoandika hini;
pakawa peupe kama kioo,
nikaona ukuta kwa nyuma.